Kupima dirisha kwenye picha kwa GIMP: kwa nini sentimita zinatoka vibaya, na namna ya kupata milimita za kweli

Swali: Mimi ni fundi wa kuchomelea grili na mageti. Wateja hunitumia picha ya dirisha kwa WhatsApp na kutaka bei siku hiyo hiyo, na wengine wako mikoa ya mbali. Nina laptop yenye GIMP, ile programu ya bure ya kuhariri picha. Nilitumia kifaa chake cha kupimia, kikaniambia dirisha lina upana wa sentimita 42. Nilipofika kwa mteja nikakuta ni futi 5. Tatizo liko wapi, na je, picha inaweza kunipa vipimo vya kuaminika?

Jibu:

Hongera kwa kazi, fundi. Picha inaweza kukupa vipimo, lakini lazima ndani yake kuwe na kitu ambacho ukubwa wake unaujua, na kitu hicho kiwe kimekaa pale pale linapokaa dirisha. Ukitimiza hayo mawili na picha ikapigwa kwa kutazamana na ukuta, upana wa dirisha la futi 5 utaupata kwa tofauti ya sentimita moja hivi. Kwa kutoa bei, hiyo inatosha. Kwa kukata chuma haitoshi, na sababu yake utaiona njiani.

Kwanza hizo sentimita 42. GIMP haikukosea hesabu. Picha ni vidoti vya rangi, yaani pikseli, na ndani ya faili kuna namba inayosema pikseli ngapi ziingie kwenye inchi moja siku picha ikichapishwa. Picha nyingi za simu hubeba 72, namba iliyowekwa kwa mazoea tu. Dirisha lako lilichukua pikseli kama 1,200. Gawa kwa 72 unapata inchi 16.67, sawa na sentimita 42.3. Huo ni upana ambao dirisha lingekuwa nao kwenye karatasi. Faili hiyo hiyo ingebeba 300, ungeambiwa sentimita 10.2. Ukuta wenyewe hauhusiki kabisa na namba hiyo. Kwa hiyo ukifungua picha yoyote, sentimita zinazotokea zenyewe usizitazame. Soma pikseli.

Ili pikseli zigeuke milimita unahitaji kile kitu unachojua ukubwa wake. Nitakiita rejea. Tuseme mteja amebandika tepu ya kupimia ukutani chini ya dirisha, nawe ukapima kutoka alama ya sentimita 10 hadi ya 110, yaani milimita 1,000, ukapata pikseli 1,312. Kila milimita basi ni pikseli 1.312. Dirisha likisoma pikseli 2,003, gawa kwa 1.312: milimita 1,527. Futi 5 ni milimita 1,524. Hesabu yote ndiyo hiyo. Kinachobaki ni kuhakikisha hizo pikseli mbili unazogawanya zinaruhusiwa kulinganishwa, na hapo ndipo wengi huharibu.

Rejea iwe ndefu, na ikae kwenye uso ule ule

Watu hupenda kushauri kadi ya benki au kitambulisho kwa sababu ukubwa wake ni wa kimataifa: milimita 85.60 kwa 53.98. Kwa kupima kitu kidogo, kama kitasa au bawaba, kadi inafaa sana. Kwa dirisha ni fupi mno. Chukua picha ambayo kadi inachukua pikseli 171. Ukingo wa kitu kwenye picha haukatiki kwa wembe, una ukungu, na kila ncha unaweza kuikosa kwa pikseli moja. Pikseli 2 kati ya 171 ni asilimia 1.2. Ukiipeleka kwenye dirisha la milimita 1,500, umeshapotea milimita 17 kabla hujakosea kitu kingine. Tepu ya mita moja kwenye picha hiyo hiyo ingechukua pikseli 2,000. Kosa lile lile la pikseli 2 sasa ni milimita 1.5 tu. Karatasi ya A4, milimita 297 kwa 210, iko katikati: si mbaya, na karibu kila nyumba utaipata. (Mteja akisema hana ila kadi ya benki, mwambie aibandike huku amefunika namba, mbele na nyuma. Picha za kadi hazifai kuzunguka kwenye simu za watu.)

Tepu ya chuma ina jambo lake. Ile ndoano ya mwanzo huchezacheza makusudi, ili unene wake ujifidie ukivuta au ukisukuma. Kwenye picha huwezi kujua imekaa upande gani, na mara nyingi inafichwa na kidole. Ndiyo maana nimeanzia alama ya sentimita 10. Tepu ibandikwe ncha zote mbili kwa selotepu isilegee katikati, na ilale juu ya ukuta wenyewe.

Sasa suala la uso, ambalo ndilo linalowaumiza mafundi wa grili kuliko lolote. Kamera hukionyesha kidogo kitu kilicho mbali na kikubwa kilicho karibu, na dirisha lina tabaka: kuna uso wa ukuta wa nje, kisha ndani kidogo kuna fremu, kisha vioo. Fremu ikiwa imezama milimita 75 ndani ya ukuta, na mpiga picha amesimama mita 3, fremu iko milimita 3,075 kutoka kwenye kamera wakati tepu ya ukutani iko 3,000. Fremu ya milimita 1,500 itasomeka 1,463. Umepoteza karibu sentimita 4, na pikseli zako zote ulizisoma sawasawa. Kosa hili huenda pia upande wa pili. Mteja akisimama na kushika karatasi mkononi, sentimita 10 mbele ya ukuta, kamera ikiwa mita 2, karatasi itaonekana kubwa kwa zaidi ya asilimia 5, na dirisha la milimita 1,200 utalisoma 1,140.

Kwa hiyo amua kwanza grili itakaa wapi. Ikikaa kwenye uso wa nje, bandika rejea kwenye uso wa nje na upime kona ya mbele ya plasta. Ikikaa ndani karibu na fremu, rejea ibandikwe kwenye fremu. Kama picha imeshapigwa na tepu iko ukutani, unaweza kusahihisha ukijua kina: jumlisha umbali wa kamera na kina, gawa kwa umbali, zidisha kipimo. Kwa mfano wetu ni 3,075 ÷ 3,000 = 1.025, na 1,463 × 1.025 inakurudisha 1,500. Umbali hauhitaji usahihi mkubwa. Mteja akisema alisimama mita 3 kumbe ni 2.8, tofauti haifiki milimita 3. Kina ndicho cha kuulizia vizuri.

Mwambie mteja apige hivi

Asimame akitazamana na katikati ya dirisha, simu ikiwa kwenye kimo cha katikati ya dirisha. Umbali uwe mara mbili au tatu ya upana wa dirisha. Kwa futi 5 ni mita 3 hadi 5. Kadiri anavyosogea nyuma ndivyo tofauti za kina zinavyopungua: zile milimita 75 ambazo kwa mita 3 zilikula asilimia 2.4, kwa mita 5 zinakula 1.5. Simu yenye lenzi halisi ya 2x inafaa sana kwa kazi hii. Kukuza kwa vidole tu hakuongezi chochote, na ile lenzi pana ya 0.5x isiguswe kabisa, kwani hupinda mistari iliyo pembeni.

Asiinamishe simu. Mtu akipiga akiwa ameegemea upande mmoja kwa nyuzi 10, upana hupungua kwa asilimia 1.5 ukilinganisha na urefu. Kwa nyuzi 20 hupungua asilimia 6. Macho ya mtu hayaoni nyuzi 10. Kuna ujanja wa kioo kidogo cha kunyolea: kibandike kikiwa bapa ukutani karibu na katikati ya kile kinachopimwa. Pale unapoiona lenzi ya simu yako mwenyewe ndani ya kioo, katikati ya skrini, basi uko mbele yake sawasawa, kwa mlalo na kwa wima. Hakuna programu inayoshinda hilo kwa wepesi.

Picha itumwe kama dokumenti, au iwekwe HD. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza, na picha ya simu yenye pikseli 4,000 upande mrefu inaweza kufika kwako ikiwa na 1,600 hivi. Uwiano haubadiliki, kwa hiyo hesabu bado inafanya kazi, ila kama picha inaonyesha ukuta wa mita 2 kila pikseli sasa ni milimita 1.25 badala ya 0.5, na kingo zimekuwa na ukungu zaidi. Kukata pembeni mwa picha hakuna madhara. Picha ya skrini, picha ya panorama na picha iliyopitishwa kwenye programu za urembo, zirudishe.

Unaweza kuhifadhi ujumbe huu na kuutuma kwa kila mteja: «Tafadhali bandika tepu ya kupimia ukutani chini ya dirisha, ilale bapa, namba zionekane. Simama hatua tano nyuma ukitazamana na katikati ya dirisha, usiinamishe simu, usitumie 0.5. Nitumie kama dokumenti. Niambie pia dirisha limezama ndani ya ukuta sentimita ngapi.»

Hatua ndani ya GIMP

Fungua picha, kisha bonyeza Shift+M upate kifaa cha kupimia. Kwenye mipangilio yake weka alama «Use info window» ili matokeo yajitokeze kwenye kidirisha chake, umbali na nyuzi. Chini kushoto, penye vipimo, chagua «px». Kuza picha hadi 400% kwenye alama ya kwanza ya tepu, bofya na uburute kuelekea alama ya pili. Ukifika, kuza tena na usogeze ncha mpaka ikae katikati ya mstari wa alama. Ncha zinaweza kushikwa na kusogezwa baada ya kuchora, kwa hiyo usihangaike kupatia mara ya kwanza. Pima tepu mara tatu, chukua wastani. Kisha pima dirisha: upana juu, katikati na chini, urefu kushoto, katikati na kulia.

Ukitaka GIMP iseme milimita zenyewe, nenda «Image», kisha «Print Size», badilisha kizio cha msongamano wa pikseli («resolution») kiwe pikseli kwa milimita, uandike uwiano ulioupata, hapa 1.312, kwa X na kwa Y. Sasa badilisha «px» kuwa «mm» na kila unachopima kitatoka kwa milimita za ukutani. Hatua hii haigusi pikseli hata moja, inabadilisha tu ile namba iliyokudanganya mwanzo. Usiifanye kwenye «Scale Image». Hiyo hubadilisha picha yenyewe.

Kabla ya kuamini chochote, linganisha urefu wa kushoto na wa kulia. Kushoto pikseli 1,210 na kulia 1,160? Kamera ilikuwa imesimama kushoto, na upana wako tayari si wa kweli. Tofauti ya pikseli 5 au 6 achana nayo, hata plasta yenyewe haikupigwa sawa. Pima pia kona kwa kona, mara mbili. Zikikaribiana, na upana wa juu ukilingana na wa chini, picha iko vizuri.

Kama huna GIMP siku hiyo, hata Paint ya Windows inakidhi, kwa kuwa chini yake huonyesha mahali kishale kilipo kwa pikseli. Andika namba za ncha mbili, toa, umepata upana. Kwa mstari uliolala mshazari tumia mraba wa tofauti ya mlalo jumlisha mraba wa tofauti ya wima, kisha kipeuo cha pili.

Mwenye picha nyingi kwa siku namshauri ImageJ. Ni programu ya bure iliyoanzishwa na Wayne Rasband kwenye taasisi za taifa za afya za Marekani kwa ajili ya watafiti, na toleo lake liitwalo Fiji huja na kila kitu kinachohitajika. Unachora mstari juu ya tepu, unaenda «Analyze» kisha «Set Scale», unaandika 1000 kwenye «Known distance» na mm kwenye kizio. Baada ya hapo kila mstari unaochora, ukibonyeza M, huingia kwenye jedwali ambalo unaweza kulihifadhi pamoja na jina la mteja. Mtego wake uko kwenye kisanduku cha «Global». Ukikiwekea alama, uwiano wa picha hii utapakwa kwenye picha zote utakazofungua, na dirisha la mteja wa pili litapimwa kwa tepu ya mteja wa kwanza. Kiache wazi. Picha za iPhone za HEIC haifungui. Zigeuze JPEG kwanza.

Picha iliyopigwa kwa upande

Kuna nyumba ambazo huwezi kusimama katikati: kuna mti, kuna uzio, kuna gari. Hapo mtazamo unanyooshwa kwenye programu, lakini kunyoosha kunahitaji pembe nne za mstatili unaoujua, mstari mmoja hautoshi. Mwambie mteja aweke alama nne za selotepu ukutani, mita 1 kwa mita 1, na athibitishe kona kwa kona: zote mbili zisome milimita 1,414. Zikitofautiana si mraba, na picha nzima itanyooshwa kwa upogo.

Kwenye GIMP bonyeza Shift+P. Kwenye mipangilio chagua mwelekeo wa «Corrective», na «Clipping» iwe «Adjust» ili pembeni pasikatwe. Bofya picha, sogeza kona nne za wavu zikae juu ya alama nne, kisha «Transform». Halafu «Image», «Fit Canvas to Layers».

Hapa wengi husimama na kuanza kupima, na vipimo vinatoka vibaya kwa upande mmoja. GIMP imezipeleka alama zako nne kwenye kona za picha ya awali. Kama picha ilikuwa pikseli 4,000 kwa 3,000, mita 1 ya upana sasa ni pikseli 4,000, na mita 1 ya urefu ni 3,000. Mraba wako umebanwa. Nenda «Image», «Scale Image», fungua mnyororo unaofunga upana na urefu, uache upana ulivyo na uzidishe urefu kwa 4 ÷ 3. Mfano, picha ikiwa sasa 7,200 kwa 5,100, andika urefu 6,800. Sasa ni pikseli 4 kwa milimita pande zote mbili. Pima mraba wa alama kwanza. Ukisoma 4,000 kwa 4,000, endelea na dirisha.

Kuwa mwangalifu na vitu vilivyo mbali na alama. Ndani ya mraba na karibu yake vipimo ni vizuri. Mita 4 pembeni, kosa la pikseli 2 kwenye kona moja limeshakua mara kadhaa. Kwa ukuta wenye madirisha mengi, tanua alama zikumbatie ukuta wote unaoupima. Na kumbuka kuwa kunyoosha kunanyoosha uso mmoja tu. Fremu iliyozama, mlango uliotangulia mbele, nguzo ya baraza, hivyo vyote bado ni vya kusahihishwa kwa kina, na picha ya upande huongeza tatizo lingine: ukuta wa ubavuni mwa tundu huonekana, na jicho huuhesabu kama sehemu ya dirisha.

Mstari wa linta (boriti ya juu ya dirisha) ukionekana umepinda katikati, ni lenzi. Vuta mstari wa kupimia kutoka ncha hadi ncha uone umeachana kiasi gani. Kama ni pikseli chache kwenye picha ya 4,000, endelea. Kama ni zaidi, «Filters», «Distorts», «Lens Distortion», sogeza «Main» hadi unyooke, na ufanye hivyo kabla ya kunyoosha mtazamo. Ukianza na kunyoosha mtazamo, mapindo yanagandishwa ndani ya picha na hutayatoa tena.

Kazi hii si mpya. Mwaka 1858 Mjerumani Albrecht Meydenbauer alinusurika kuanguka akipima kanisa kuu la Wetzlar, na ndipo akaanza kutafuta namna ya kupima majengo kwa picha badala ya kupanda juu yake. Wapimaji wa majengo ya kale bado wanafanya hivyo.

Picha ambazo hazina tepu

Kwa picha za zamani tafuta rejea iliyo tayari ukutani. Kwenye picha ya ndani ya chumba, swichi au soketi moja ya aina ya Kiingereza, tuliyozoea Tanzania, Kenya na Uganda, ina bamba la milimita 86 kwa 86, na soketi pacha ni 146 kwa 86. Ni ndogo, kwa hiyo rudi kwenye ile hesabu ya kadi: tegemea kosa la asilimia 1 hadi 2. Tailizi za ukutani zinafaa zaidi kwa kuwa unaweza kupima tano au sita kwa pamoja. Jumlisha na nafasi ya grauti. Tailizi za sakafuni hazifai kupima ukuta, uso ni mwingine. Tofali nisingelitumia kamwe. Mashine za kufyatulia hutofautiana, na udongo wa viungo hutofautiana zaidi.

Njia bora kuliko zote hizo ni kumpigia mteja na kumwomba apime kitu kimoja tu, upana wa dirisha kwenye uso wa nje. Hapo dirisha lenyewe limekuwa rejea, na urefu, nafasi ya bawaba, umbali hadi dirisha la pili, vyote unavipata kwenye picha.

Kama geti lina pambo la maua au umbo lisilo la mstatili na unataka eneo la bati, zungushia umbo kwa kifaa cha kuchagua huru («Free Select»), ukiwa umezima «Feather» na «Antialiasing», kisha fungua «Histogram» kwenye «Windows», «Dockable Dialogs». Itakupa idadi ya pikseli ndani ya umbo. Gawa kwa uwiano uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Kwa pikseli 4 kwa milimita unagawa kwa 16: pikseli 2,400,000 ni milimita za mraba 150,000, sawa na mita za mraba 0.15. Kosa la asilimia 2 kwenye urefu huwa asilimia 4 kwenye eneo, kwa hiyo ongeza bati kidogo kwenye bei.

Sasa kuhusu kukata. Ukijumlisha ukungu wa kingo, mwinamo mdogo usioonekana, na kina kilichokisiwa, dirisha la futi 5 litakuja na kosa la milimita 5 hadi 15 hata kwenye picha nzuri. Grili inayoingia ndani ya tundu huachiwa nafasi ya milimita chache tu kila upande. Kosa ni kubwa kuliko nafasi, na grili iliyozidi milimita 10 haiingii, italazimu ikatwe na kuchomelewa upya mbele ya mteja. Toa bei kwa picha, andika kwenye makadirio kwamba vipimo vitahakikiwa, chukua malipo ya awali. Siku ya kukata, uende wewe au umtume fundi wa karibu na mteja, apime upana sehemu tatu na urefu sehemu tatu kwenye uso ule ule grili itakapokaa, achukue namba ndogo kuliko zote, apime na kona kwa kona. Namba hizo ndizo zinazopelekwa kwenye mashine.